Viti Viwili vya Atlantic City

Mwezi Agosti 1964 Lyndon Johnson alikuwa na kila alichohitaji ili kushinda urais wa Marekani. Uchumi ulikuwa unakua, nchi ilikuwa bado na majonzi ya kuuawa kwa John Kennedy, na mpinzani wake wa chama cha Republican, Seneta Barry Goldwater wa Arizona, alikuwa amewatia hofu hata baadhi ya watu wa chama chake mwenyewe. Mkutano mkuu wa chama cha Democratic katika mji wa pwani wa Atlantic City, New Jersey, uliitishwa kumtawaza Johnson zaidi kuliko kumchagua. Hata hivyo tarehe 25, siku ya pili ya mkutano, Rais aliandika tamko la kujitoa katika uchaguzi na kuwasomea wasaidizi wake kwa simu. Tamko hilo halikutolewa, lakini rekodi za simu zake zipo, na mtu anayezisikiliza hawezi kusema alikuwa anatania. Kilichomfikisha hapo ni watu 68 kutoka Mississippi, wengi wao wakulima na watumishi wa majumbani, waliosafiri kwa mabasi kuja kudai viti vya jimbo lao ukumbini. Mississippi ilikuwa na kura 7 tu kati ya kura 538 za wajumbe maalumu wanaomchagua rais, na kila mtu alijua Johnson asingezipata.

Simulizi iliyozoeleka inasema watu hao walishindwa: waliomba viti vyote, wakapewa viwili, wakakataa, wakarudi kwao. Nadhani simulizi hiyo inatazama mahali pasipo penyewe. Johnson aliogopa kwa sababu watu hao walikuwa wamegusa kiungo kinachounganisha siasa za majimbo na siasa za taifa nchini Marekani, na kiungo hicho ndicho kilichokuwa kimeushikilia utawala wa Kusini kwa miaka zaidi ya 70. Katika ugomvi wa viti walishindwa. Lakini ndani ya mapatano yaleyale waliyoyakataa kulikuwa na sharti moja ambalo halikuzua kelele ukumbini, na sharti hilo lilibadilisha namna wagombea wa urais wanavyopatikana kuliko ambavyo viti 68 vingeweza.

Kwa jina, uchaguzi wa rais wa Marekani ni wa taifa zima. Kwa utaratibu, ni chaguzi za majimbo zinazofanyika siku moja. Katiba ya 1787 haikumpa raia haki ya kumpigia rais kura moja kwa moja. Ilisema kila jimbo litateua wajumbe maalumu kwa namna bunge la jimbo litakavyoamua, na ikayaachia majimbo pia kazi ya kusema nani ni mpiga kura. Vyama vilipozaliwa vilifuata ramani hiyohiyo. Kilichoitwa chama cha Democratic kilikuwa muungano wa vyama vya majimbo vilivyokutana kila baada ya miaka 4 kumteua mgombea, halafu kila kimoja kikarudi kwake. Makao makuu ya Washington hayakuwa na ubavu wa kumwambia gavana wa Kusini aendesheje vikao vya chama katika kata zake. Msomaji aliyezoea chama ambacho halmashauri yake kuu hukata jina la mgombea wa wilayani kwa kikao kimoja atashangaa, lakini hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mississippi ilijua kuutumia mwanya huo. Marekebisho ya 15 ya Katiba, ya mwaka 1870, yalikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake, basi waandishi wa katiba ya jimbo ya 1890 wakatafuta njia isiyotaja rangi. Waliweka kodi ya kichwa ya dola 2 kwa anayetaka kupiga kura, na wakamtaka aweze kusoma kifungu cha katiba ya jimbo, au kukielewa na kukifafanua anaposomewa. Msajili wa kaunti, ambaye daima alikuwa mzungu, ndiye aliyechagua kifungu na ndiye aliyesahihisha jibu. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani iliubariki mpango huo kwa hoja kwamba maneno ya sheria hayakubagua mtu. Miaka ya 1950 masharti yalikazwa zaidi, na mwaka 1962 jimbo likatunga sheria kwamba jina la kila anayeomba kusajiliwa litangazwe kwenye gazeti la mahali hapo kwa wiki mbili, ili mwajiri wake, mwenye nyumba wake na yeyote mwenye bunduki wapate kulisoma. Watu weusi walikuwa takriban asilimia 42 ya wakazi wa Mississippi. Waliokuwamo kwenye daftari la wapiga kura mwanzoni mwa miaka ya 1960 hawakufika asilimia 7 ya waliostahili.

Haya yangebaki maovu ya jimbo moja lau yasingekuwa na faida Washington. Mahali penye chama kimoja tu, na wapiga kura wachache wa rangi moja, mbunge akishaingia hatoki. Bungeni uenyekiti wa kamati uligawiwa kwa ukongwe, kwa hiyo waliokaa muda mrefu kuliko wote walikuwa watu wa Kusini. James Eastland, mwenye shamba kubwa la pamba katika kaunti ya Sunflower, aliongoza kuanzia 1956 Kamati ya Sheria ya Seneti, ambako miswada ya haki za raia ilipelekwa kufia na ambako majaji wa shirikisho walithibitishwa. Jamie Whitten, mbunge wa eneo hilohilo, alisimamia bajeti ya kilimo ya nchi nzima. Kila mtu mweusi aliyezuiwa mlangoni kwa msajili aliongeza uzito wa Eastland huko Washington, na kila rais wa Democratic, Franklin Roosevelt akiwemo, alilazimika kupiga hesabu na watu kama yeye.

Hesabu hiyo ilikuwa na fimbo nyuma yake. Mwaka 1948 meya kijana wa Minneapolis, Hubert Humphrey, aliushawishi mkutano mkuu kupitisha azimio la haki za raia. Wajumbe wa Mississippi na nusu ya wale wa Alabama wakatoka nje. Katika majimbo manne chama cha Democratic cha jimbo kilimweka gavana Strom Thurmond wa South Carolina kwenye karatasi ya kura kama mgombea wake rasmi, na huko Alabama jina la Rais Harry Truman halikuwapo kabisa. Thurmond akapata kura 39 za wajumbe maalumu. Mwaka 1960 Mississippi ilichagua wajumbe maalumu wasiofungamana na mgombea, na wote 8 wakampigia Seneta Harry Byrd wa Virginia, ambaye hata hakugombea. Ujumbe kwa taifa ulikuwa wazi: jina la chama na nembo yake katika jimbo letu ni mali yetu, na tutampa tumtakaye.

Ufunguo wa kuufungua utaratibu huo aliushika mtu ambaye wanasiasa wa Washington hawakuwahi kumsikia. Bi. Fannie Lou Hamer, aliyezaliwa 1917 akiwa mtoto wa 20 wa wazazi waliolima shamba la mzungu kwa kugawana mavuno, alikuwa mtunza hesabu za kazi katika shamba la pamba karibu na Ruleville, katika kaunti ileile ya Sunflower. Agosti 1962 alikwenda na wenzake 17 mjini Indianola kujiandikisha. Kabla siku haijaisha alikuwa amefukuzwa shambani alikoishi miaka 18. Juni 1963 alikamatwa Winona akitoka kwenye mafunzo ya uraia, akapigwa mahabusu kwa amri ya askari mpaka akapata madhara ya kudumu. Siku tatu baadaye Medgar Evers, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, jimboni, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Jackson. Kumshawishi msajili mmoja mmoja kulikuwa kumeonyesha gharama yake, na Robert Moses, mwalimu wa hisabati kutoka New York aliyeongoza kazi ya uandikishaji huko, pamoja na wenzake, walianza kutafuta mlango mwingine.

Mlango walioupata ulikuwa chama chenyewe. Novemba 1963 waliendesha uchaguzi wao wa kuigiza, mfamasia Aaron Henry akigombea ugavana, na watu weusi takriban 80,000 wakapiga kura makanisani na madukani. Hoja ya kwamba watu weusi wa Mississippi hawakujali siasa ilizikwa hapo. Aprili 1964 wakaunda chama chao, Freedom Democratic Party. Ninachokiona kuwa cha busara zaidi katika mpango wao ni kwamba hawakuanza kwa kudai chochote. Juni walikwenda kwenye vikao vya kata vya chama rasmi, kama sheria ya jimbo ilivyomruhusu kila mwanachama. Mahali pengi walikuta milango imefungwa au kikao kimehamishwa kimyakimya, na pale walipoingia hawakuruhusiwa kupiga kura. Waliandika kila tukio. Ndipo wakaitisha vikao vyao wenyewe, vya kata, vya kaunti, na tarehe 6 Agosti mkutano wa jimbo mjini Jackson, ambako mwanaharakati Ella Baker alitoa hotuba kuu na wajumbe 68 pamoja na wa akiba wakachaguliwa, wanne kati yao wazungu. Siku mbili kabla yake, maiti za vijana watatu wa kampeni hiyo, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, zilikuwa zimefukuliwa kutoka kwenye tuta la bwawa katika kaunti ya Neshoba, baada ya kutafutwa kwa wiki sita.

Wakili wao, Joseph Rauh, aliijua mitambo ya chama. Kanuni ziliwataka wapate wanakamati 11 wa kamati ya kuhakiki wajumbe ili ripoti ya wachache ifike ukumbini, kisha majimbo 8 ili kura ipigwe jimbo kwa jimbo mbele ya kamera. Hawakuhitaji wingi wa kura. Walihitaji kumlazimisha kila mwanasiasa wa Kaskazini aseme hadharani, mbele ya wapiga kura wake weusi, yuko upande gani. Hiyo ndiyo hatari Johnson aliyoiona upesi kuliko wote.

Jumamosi tarehe 22 Agosti Bi. Hamer alikaa mbele ya kamati na kusimulia Indianola na Winona. Alipokuwa bado anasema, Rais alijitokeza ghafla mbele ya waandishi wa habari Ikulu, na televisheni zikamwacha Hamer zikamfuata yeye. Alichokuwa nacho cha kusema ni kwamba ilikuwa imetimia miezi tisa tangu Kennedy alipouawa. Hila hiyo haikufaa kitu, kwani jioni vituo vilirusha ushahidi wa Hamer kwa watazamaji wengi zaidi. Nyuma ya pazia, FBI ilikuwa imetuma kundi la watu wapatao 30 chini ya Cartha DeLoach, waliotega simu ya chumba cha Martin Luther King na kunasa mazungumzo ya ofisi za vijana wa harakati, na taarifa zao zikaenda kwa wasaidizi wa Rais. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilifichua hayo katikati ya miaka ya 1970. Serikali iliyokuwa inajitangaza kuwa mlinzi wa haki ya kura iliwapeleleza watu waliokuwa wanaidai.

Lakini haifai kumfanya Johnson shetani wa hadithi hii, maana hapo tutapoteza sehemu yake ngumu. Alikuwa ametia saini Sheria ya Haki za Raia Julai 2 mwaka huohuo, akijua gharama yake. Goldwater aliipigia sheria hiyo kura ya kuipinga na bado akateuliwa na chama chake San Francisco. Katika mchujo wa chama cha Democratic wa majira ya kuchipua, gavana mbaguzi wa Alabama, George Wallace, alipata karibu theluthi ya kura huko Wisconsin, karibu asilimia 30 Indiana, na zaidi ya asilimia 40 Maryland, na hayo si majimbo ya pamba. Julai ghasia zilizuka Harlem. Magavana wa Kusini, John Connally wa Texas akiwa mbele, walimwonya kwamba akiwapa viti watu wa Hamer, Kusini yote itatoka ukumbini. Rais aliyeona mbali angeweza kujiambia kwamba akishindwa Novemba, hakuna mtu mweusi wa Mississippi atakayefaidika na viti vya Agosti.

Kazi ya kumaliza jambo hilo alipewa Humphrey, yuleyule wa 1948, sasa seneta aliyekuwa anasubiri kuteuliwa mgombea mwenza, na kila mtu alielewa kwamba uteuzi huo unategemea atakachofanikisha. Humphrey na mwanasheria mkuu wa Minnesota, Walter Mondale, walileta mapatano. Wajumbe wa chama rasmi wangekaa mahali pao wakila kiapo cha kumuunga mkono mgombea wa chama. Watu wa Hamer wangepata viti viwili, si vya Mississippi bali vya wajumbe wa jumla, na majina yalikuwa yamekwisha chaguliwa kwa niaba yao: Aaron Henry, na kasisi mzungu Ed King. Waliobaki wangekuwa wageni waalikwa. Tena, kuanzia mkutano wa 1968, hakuna jimbo ambalo lingepokewa kama lingewazuia wapiga kura wake kushiriki shughuli za chama kwa sababu ya rangi. Martin Luther King na viongozi wenzake wa harakati, Bayard Rustin na Roy Wilkins, waliwashauri wakubali. Hamer akajibu kwamba hawakusafiri njia yote ile kwa ajili ya viti viwili. Walikataa, na baadhi yao wakaingia ukumbini kwa beji walizopewa na wajumbe wa majimbo mengine, wakaketi kwenye viti vya Mississippi mbele ya kamera.

Kuna hoja ya kisheria iliyotolewa dhidi yao wakati ule, na si hoja ya kupuuzwa. Chama chao hakikuundwa kwa sheria za Mississippi; kama kila kundi lenye malalamiko ya haki lingeweza kuitisha mkutano wake na kuchukua viti vya jimbo, mkutano mkuu ungekuwa soko. Hilo ni kweli, lakini hoja hiyo ilitaka sheria ya jimbo iwe kipimo cha jambo lilelile ambalo sheria ya jimbo ilibuniwa kuliharibu. Kundi lililokula chakula cha chama kwa jina lake huku likiwa tayari kuwapa kura wapinzani wake lilikuwa na uhalali gani wa kulinda? Ni chama rasmi, si cha Hamer, kilichokuwa kimewanyima wagombea wa Democratic kura zote 8 mwaka 1960. Mbunge Edith Green wa Oregon alipendekeza njia ya haki zaidi: wapewe viti wote, wa pande zote mbili, watakaokula kiapo, na kura za jimbo wagawane. Haikufika ukumbini, kwa sababu Ikulu ilikuwa imewabana wanakamati mmoja mmoja mpaka wale 11 waliohitajika wakapungua.

Kilichofuata kinaonyesha Johnson alilipia bidhaa ambayo muuzaji hakuwa nayo dukani. Wajumbe wa Mississippi, isipokuwa watatu, walikataa kiapo wakaondoka, na wengi wa Alabama wakafanya vivyo hivyo, ingawa Rais alikuwa amewafanyia kila hisani. Novemba 3 Johnson alipata asilimia 61 ya kura za wananchi na kura 486 za wajumbe maalumu. Goldwater alipata 52: za Arizona kwao, na za Louisiana, Alabama, Georgia, South Carolina na Mississippi. Georgia haikuwahi kumpigia Mrepublican tangu chama hicho kizaliwe. Mississippi, ambayo hisia zake zilitunzwa kama yai, ilimpa Goldwater asilimia 87. Alabama jina la Johnson halikuchapwa kwenye karatasi ya kura, kama la Truman miaka 16 kabla.

Wanaomtetea wanasema: aliokoa yaliyobaki. Majimbo sita ya Kusini, yaani Texas, Florida, North Carolina, Virginia, Tennessee na Arkansas, yalibaki naye, na huenda yangemponyoka kama Connally angeondoka na wajumbe wake. Tuikubali dhana hiyo kwa ukamilifu wake. Majimbo hayo sita yalikuwa na kura 81. Yatoe yote, na Johnson anabaki na 405, wakati zilizohitajika ni 270. Mtu atasema Agosti hakuna aliyejua hesabu za Novemba. Lakini uchunguzi wa maoni wa kiangazi ulikuwa umeonyesha tayari yuko mbele kwa mbali sana. Utetezi wenye nguvu zaidi ni mwingine: ushindi mkubwa ulileta Bunge lenye wafuasi wa kutosha kupitisha bima ya afya ya wazee na sheria ya kura ya 1965. Sehemu kubwa ya wingi huo ilitoka Kaskazini na Magharibi, lakini uwezekano kwamba hofu ya wazungu ingesambaa hadi huko, kama Wallace alivyoonyesha, siwezi kuufuta. Ninachosema ni kwamba bei ilitajwa na watu waliokuwa wamekwisha amua kuondoka.

Sasa tulirudie lile sharti. Mwaka 1964 lilionekana kuwa kifuta machozi, ahadi ya miaka minne mbele ambayo wanasiasa hupenda kuitoa kwa sababu muda huo ni mrefu. Lakini lilikuwa na maana ambayo hakuna mkutano mkuu uliowahi kuikubali: kwamba chama cha taifa kinaweza kuingia ndani ya jimbo na kuuliza wajumbe wamepatikanaje. Mwaka 1968, huko Chicago, likapata meno. Ujumbe rasmi wa Mississippi ulikataliwa wote, na mahali pake wakaketi wajumbe wa muungano mpya, wakiwemo Aaron Henry na Bi. Hamer. Ujumbe wa Georgia wa gavana Lester Maddox ulilazimika kugawana kura na kundi la kijana Julian Bond. Mlango huo ulipofunguka, wengine walipita. Humphrey aliteuliwa mwaka huo bila kushiriki mchujo hata mmoja, wapinga vita vya Vietnam wakauliza kwa nini wao wasiwe na haki waliyopewa watu wa Mississippi, na tume iliyoongozwa kwanza na George McGovern ikaandika kanuni ambazo kila jimbo lilipaswa kuzifuata. Ili wazitimize bila matata, viongozi wengi wa majimbo waliamua kuitisha mchujo. Tangu 1972 mgombea wa urais hutafuta wajumbe wake kwa wapiga kura wa majimbo, si kwa wakubwa wa chama kwenye vyumba vya hoteli.

Inaweza kupingwa kwamba kazi yote ilifanywa na Sheria ya Haki ya Kura, iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti 1965, mwaka mmoja kamili baada ya mkutano wa Jackson, na kwamba sheria hiyo ilitokana na damu ya waandamanaji iliyomwagika Selma, Alabama. Sina ubishi na Selma. Sheria iliwaondoa wasajili na mitihani yao, na kufikia 1967 karibu asilimia 60 ya watu weusi wa Mississippi waliostahili walikuwa kwenye daftari. Lakini kuandikishwa humpa mtu sanduku la kura la Novemba. Hakumpi kikao cha kata ambako karatasi ya kura inatengenezwa. Chama rasmi kiliendelea kuwaweka kando watu weusi hata walipokuwa wameandikishwa kwa maelfu, na ndiyo sababu kilifukuzwa Chicago miaka mitatu baada ya sheria. Isitoshe, watu wa Hamer walikuwa wameanza mapema kuijenga kesi. Januari 4, 1965, walipinga kuapishwa kwa wabunge watano wa Mississippi, na wabunge 149 wa taifa wakawaunga mkono, idadi ambayo hakuna aliyeitegemea. Mamia ya mashahidi waliapa mbele ya mawakili kuhusu walivyonyimwa kura. Bunge lililojadili sheria ya kura lilikuwa limeshasikia habari za Mississippi kwa majina na tarehe.

Gharama ya mapatano yale ilikuwa kwingine, na wanaoyasifu kama siasa ya busara hawaitaji mara nyingi. Yalikipotezea chama watu. Vijana waliokwenda Atlantic City wakiamini kwamba tatizo ni Mississippi na dawa ni Washington, walirudi wakiamini kwamba Washington ni sehemu ya tatizo. Septemba kundi lao, Bi. Hamer akiwemo, lilikwenda Guinea kwa mwaliko wa Rais Sékou Touré. Wawili wao, John Lewis na Donald Harris, wakaendelea na safari hadi Nairobi, ambako walikutana na Malcolm X. Mwaka uliofuata mwenzao Stokely Carmichael alikwenda kaunti ya Lowndes, Alabama, na badala ya kuomba viti kwa Democratic, wenyeji wakaunda chama chao cha kaunti chenye nembo ya chui mweusi. Moses aliachana na siasa za vyama. Baadaye alihamia Tanzania na familia yake, akafundisha hisabati Same, mkoani Kilimanjaro, mpaka 1976. Mtu aliyeweza kukaa kimya kikaoni hadi mkulima asiyejua kusoma apate ujasiri wa kusema, chama kikubwa kilimpoteza kwa ajili ya wajumbe ambao hawakukaa hata usiku mmoja.

Limebaki pingamizi moja, gumu kuliko yote: kwamba Democratic kilipata kanuni safi na kikaipoteza Kusini. Ni kweli wazungu wa Mississippi walimfuata Wallace mwaka 1968 na Richard Nixon mwaka 1972, na tangu hapo jimbo limempa mgombea wa Democratic kura zake mara moja tu. Ila walianza kuondoka 1948, wakaondoka tena 1960, wakaondoka 1964 wakiwa wamepewa viti vyao. Kanuni haikuwafukuza, ilikuta wamefungasha. Ile mara moja ilikuwa 1976. Mwaka huo makundi mawili ya chama cha Mississippi yaliungana, wenyeviti wakiwa wawili, mzungu mmoja na Aaron Henry. Katika kijiji cha Mayersville, Unita Blackwell, aliyekuwa kati ya wale 68, alikuwa meya. Usiku wa uchaguzi hesabu ya Jimmy Carter ilikwama karibu na 270 hadi alfajiri, na jimbo lililomvusha lilikuwa Mississippi, kwa tofauti ya kura 14,000 na ushei. Matokeo yote yalipokamilika alikuwa na 297, kwa hiyo angeshinda hata bila kura hizo 7. Lakini wapiga kura weusi walikuwa wengi mara nyingi kuliko tofauti hiyo, na miaka 12 kabla yake wasaidizi wa Rais walikuwa wamewaandikia sifuri.